Chumvi Chini ya Kilima

Jumatatu, 8 Mei 1978

Udongo umekauka kiasi cha kubeba trekta. Leo nimepitisha haro, lile jembe la kukwangua magugu, kilimani mara ya kwanza. Mwaka huu ni zamu ya kilima kupumzika: hakipandwi kitu, kinalimwa tu kila majani yanapochomoza, mpaka baridi ianze, ili kiweke maji kwa ajili ya ngano ya mwakani. Marehemu baba alifanya hivyo, na mimi nimefanya hivyo miaka arobaini na sita. Shamba la mapumziko sharti liwe jeusi tii, lisiwe na jani hata moja. Hapa kijijini kwetu Karlsheim mtu akiacha magugu kwenye shamba lake la mapumziko, hata kanisani anatazamwa kwa jicho la pembeni, na mimi ni mmoja wa wanaotazama.

Kutoka juu naiona robo yote ya mwanangu Delmer. Ni robo ya maili ya mraba, ekari mia moja na sitini, inayoanza pale kilima kinapoishia. Nilimpa alipooa. Lile doa jeupe limekua tena. Mwaka jana ningelizunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa. Mwaka huu limevuka mfereji na kuingia kwenye mashina ya ngano ya zamani. Ni chumvi, imetanda juu ya ardhi, na hapaoti kitu ila yale magugu mekundu.

Jumatano, 10 Mei

Upepo kutwa. Hakuna la maana.

Ijumaa, 12 Mei

Nilikwenda duka la ushirika kununua mafuta ya mashine, nikakuta wazee wenzangu wamejaa kwenye meza ya kahawa kama kawaida yao. Wendelin Bosch, jirani yangu tangu tukiwa shule, akaanza kunichokoza kabla sijavua kofia.

"Reinhold Fetsch! Eti mwanao amefungua kiwanda cha chumvi? Tuletee basi, mke wangu ana matango ya kuloweka."

Wakacheka. Mimi sipendi kuchekwa, nikajibu bila kufikiri.

"Chumvi inawafuata wavivu," nikasema. "Delmer hapumzishi shamba, halimi mpaka majani yamfike magotini. Unategemea avune nini? Kilima changu kiko hapo hapo juu yake. Nani kati yenu amewahi kuona chumvi kwangu?"

"Hakuna," akasema Wendelin, na meza nzima ikaitikia kwa vichwa.

Nilipogeuka nikamwona Delmer amesimama penye rafu za bolti na nati, kisanduku mkononi. Ana miaka thelathini na nane lakini masikio yake bado yanaiva akiaibika. Akakirudisha kisanduku mahali pake, taratibu, akatoka. Niliona haya kidogo. Halafu nikajiambia kwamba sikusema uongo, na mtu mzima hawezi kununa kwa neno la kwenye kahawa.

Jumapili, 14 Mei

Delmer na mkewe Ardis hawakuja kula mchana. Nilipika supu ya vidonge vya unga ya watu watatu. Nimeila peke yangu mchana, na jioni nikaila tena.

Jumanne, 16 Mei

Leo nimepata mgeni. Binti mmoja, hajafika hata thelathini, ameshuka kwenye gari la serikali na buti zimejaa tope, akaniomba ruhusa ya kuchimba kilimani. Anachora ramani mpya ya udongo wa wilaya yetu nzima. Jina lake Halyna Prokopchuk, wa wale Waukraine wa kaskazini, kule penye miti.

"Serikali imekosa wanaume?" nikamuuliza.

"Inao, mzee, lakini wanaogopa kuchafuka," akajibu, akashika sepetu.

Akachimba shimo la kumfika kiunoni, kuta zimenyooka. Nilisimama pembeni nikitafuta kosa, sikuliona. Akauchonga ukuta mmoja kwa kisu mpaka matabaka yakajitenga: la juu la giza, la kati lenye mabonge marefu yaliyosimama wima, la chini lenye weupe weupe. Akachukua kidonge, akakitemea mate, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kikatoka utepe. Kingine akakitia mdomoni, akakitafuna kama mtu anayeonja unga.

"Mchanga kidogo, mfinyanzi wa kutosha. Tifutifu, mzuri sana," akasema, akatema. "Meno hayakosei."

Kisha akadondosha tindikali kutoka kwenye kichupa juu ya ule weupe, ukatoa povu. Akaniambia ile ni chokaa, na kwamba mvua za miaka elfu na elfu ndizo zilizoishusha mpaka pale. Ukijua chokaa imekaa kina gani, unajua maji ya mvua yalizoea kufika wapi. Hilo sikulijua, na nalima juu yake tangu nikiwa na kaptula.

Lakini tuligombana kuhusu rangi. Nilimsikia akijisemea huku anaandika: "Kahawia iliyokoza."

"Umeandika nini hapo?"

"Jamii ya udongo wako, mzee. Kahawia iliyokoza."

"Binti, huu ni udongo mweusi. Baba yangu alizaliwa karibu na Bahari Nyeusi, alijua weusi ni nini."

"Mweusi ukilowa. Ukikauka ni kahawia." Akafungua kitabu chake cha vipande vya rangi, akaweka bonge kavu pembeni ya kipande kimoja. Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena. "Udongo mweusi wenyewe uko kwetu kaskazini," akasema akicheka. "Pole sana."

Nina miaka sabini na moja, siku zote nimejiita mkulima wa udongo mweusi, na kumbe nimo kwenye daraja jingine.

Kilichoniuma zaidi sikumwambia. Juu kabisa ya kilima kuna ekari mbili za nyasi za asili ambazo hazijawahi kulimwa, kwa sababu mawe yalivunja plau ya baba. Akachimba na huko. Chini ya nyasi tabaka la giza lilikuwa na unene wa inchi tisa. Kwangu, hatua arobaini kutoka pale, inchi tano. Sikumuuliza zile nne zimekwenda wapi, maana nakumbuka pepo za vumbi za mwaka thelathini na saba, tulipokuwa tunawasha taa saa sita mchana.

Nilimkaribisha kahawa. Alipoziona shajara zangu kwenye rafu, mwaka kwa mwaka, mvua na upepo wa kila siku, akasahau hata kikombe.

"Mzee Reinhold, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta."

Ametaka kuchimbia mabomba matatu membamba, kila moja futi ishirini kwenda chini. Namba moja kilimani, kwenye shamba la mapumziko. Namba mbili kwenye zile nyasi za asili. Namba tatu kwa Delmer, kando ya chumvi. Kila Jumamosi niteremshe utepe wa kupimia ndani, niandike ni futi ngapi kutoka juu mpaka kwenye maji.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Nataka kujua maji yako wapi."

"Hilo tu?"

"Kwa sasa, hilo tu."

Nimekubali. Itajulikana kwa maandishi ni nani anayetunza maji yake vizuri.

Jumamosi, 20 Mei

Namba moja: futi kumi na moja. Namba mbili: pakavu mpaka mwisho. Namba tatu: futi nne na nusu. Delmer alikuwa anapanda upande wa pili. Hakupunga mkono, nami sikupunga.

Ijumaa, 26 Mei

Haro mara ya pili. Hakuna jani.

Jumamosi, 3 Juni

Mvua siku nne, inchi mbili na robo. Gari la Halyna limesimama kwa Delmer asubuhi nzima. Namba moja: futi kumi. Namba mbili: pakavu. Namba tatu: futi nne kamili.

Jumapili, 11 Juni

Ardis amekuja baada ya kanisa, peke yake, ameniletea kuchen, ile keki ya bibi zetu, ya mashina machachu ya rubabu. Ameiweka mezani, hakuketi.

"Delmer hajambo?" nikauliza.

"Kamuulize mwenyewe, Baba."

"Njia ya kutoka kwake mpaka kwangu anaijua."

"Na wewe unaijua ya kutoka kwako mpaka kwake. Ni hiyo hiyo."

Ana ulimi huyu. Nilikuwa namwona mpole kupita kiasi, miaka kumi na minne sasa, na kumbe nilikuwa simsikilizi. Kuchen ilikuwa tamu lakini nimeshindwa kuimaliza.

Jumamosi, 24 Juni

Haro mara ya nne jana. Namba moja: futi tisa na nusu. Mbili: pakavu. Tatu: futi tatu na nusu. Chumvi ya Delmer imekula safu kumi za ngano. Zile zilizo pembeni zimedumaa, zina rangi ya samawati isiyo ya afya.

Jumatano, 5 Julai

Ngurumo, mvua ya mawe kidogo, haikudhuru.

Jumamosi, 15 Julai

Mvua tena wiki nzima. Namba moja: futi nane. Nafikiri bomba namba mbili ni bovu. Haiwezekani mvua ile ile inyeshe juu ya kilima kile kile, kwangu maji yapande futi tatu na kwenye nyasi pasiwe hata unyevu. Nimemwambia Halyna nilipomkuta barabarani. Akasema, "Lichunguze basi, mzee," akaondoka na gari lake. Hakuonekana kushangaa.

Jumamosi, 22 Julai

Wazee wa wilaya wamepita kukagua mashamba ya mapumziko kwa ajili ya mashindano. Jana nilipitisha haro mara ya sita kwa ajili yao. Walitembea kilimani mikono nyuma, mmoja akainama kutafuta jani, hakulipata.

Jumamosi, 29 Julai

Nimeshinda. Shamba safi la mapumziko kuliko yote wilayani. Wendelin amekuwa wa pili na amekasirika, akaniambia mimi hulima kwa kibano cha nyusi. Wamenipa ngao ya mbao na wakanipiga picha. Nilimtafuta Delmer kwenye umati, nikamwona Ardis tu.

"Hongera, Baba," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Delmer ameandika barua mgodini. Wanataka mafundi. Wakimkubali, tutahama baada ya mavuno."

"Aache shamba?"

"Shamba ndilo linalomwacha yeye."

Nimerudi nyumbani na ngao, nimeiweka juu ya friji. Mgodi wenyewe ni wa potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea. Mwanangu anakimbia chumvi juu ya ardhi ili akachimbe chumvi chini ya ardhi. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumamosi, 12 Agosti

Namba moja: futi saba na nusu. Mbili: pakavu. Tatu: futi mbili na inchi nane.

Jumanne, 15 Agosti

Nataka niandike hili polepole, jinsi lilivyotokea.

Asubuhi nilimwaga ndoo ya maji kwenye bomba namba mbili. Nikangoja, nikapima: maji yalikuwemo. Baada ya kahawa nikapima tena, yamekwisha, yamenyonywa. Bomba ni zima. Ni udongo wa pale wenye kiu.

Sikuridhika. Nikaazima kekee ndefu ya Halyna, ile ya kutobolea ardhi, nikaanza kuzungusha kwenye nyasi kwa mikono yangu hii. Futi nne, udongo mkavu. Futi sita, mkavu, na mizizi imo, myembamba kama nyuzi za kushonea. Futi saba bado mizizi! Futi nane ni vumbi tupu. Nyasi ambazo hazifiki hata gotini mwangu, na chini zimeenda mara nne ya urefu huo, zikinywa kila tone.

Nikahamia kwangu, hatua arobaini. Futi mbili, unyevu mzuri, nikajisifu. Futi nne, unyevu. Futi sita, kekee ikaanza kutoa sauti ya kunyonya. Futi saba ikatoka na tope linalodondoka. Nikakaa chini pale pale kwenye shamba langu safi.

Halyna alinikuta hivyo. Akakaa pembeni yangu.

"Haya," nikamwambia. "Sema."

"Unataka nikueleze au nikubembeleze?"

"Nieleze."

Akachora kwa kijiti. Kilima, tambarare. Chini ya kilima, futi kumi na tano hivi, mfinyanzi mgumu ulioachwa na barafu ya kale, maji hayapenyi. Juu yake utando wa mchanga. Mvua ikinyesha penye nyasi, mizizi inainywa yote kabla haijafika huko. Ikinyesha penye shamba tupu, hakuna wa kuinywa. Juu kidogo inabaki kwa ngano ya mwakani, hiyo ni kweli, lakini iliyozidi inashuka. Inagonga mfinyanzi, inateleza kwenye mchanga kufuata mteremko, na njia nzima inayeyusha chumvi iliyolala humo ardhini tangu dunia iumbwe. Inapofika chini, kilima kinapoishia, inakuwa karibu na uso wa nchi. Jua linaivuta. Maji yanapaa, chumvi inabaki.

"Kwa Delmer," nikasema.

"Kwa Delmer."

"Kwa hiyo mimi ndiye..."

"Mimi sijasema wewe, mzee. Nimesema maji."

"Usinichezee akili, binti! Maji ni ya nani? Nani amepitisha haro pale mara saba mwaka huu?"

Nikasimama kwa hasira, nikamwambia aondoe mabomba yake, aondoke kwenye ardhi yangu, na kwamba huko kwao kaskazini wanajua nini kuhusu nchi ya ukame. Akachukua kekee yake. Alipofika garini akageuka. "Jumamosi upime, mzee. Tafadhali," akasema.

Jumamosi, 19 Agosti

Sikupima.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimepitisha haro mara ya nane. Hakukuwa na kitu cha kulima.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimepima. Namba moja: futi saba. Mbili: pakavu. Tatu: futi mbili na nusu.

Nimetoa shajara za zamani. Mwaka 1954, mwaka ule wa mvua, nimeandika kwa mkono wangu: "Kuna unyevu usio wa kawaida kona ya chini. Bata wametua." Wakati huo ile robo ilikuwa yangu. Nikafurahia bata. Mwaka 1961: "Kona ya chini ngano haikuota vizuri, labda mbegu." Mwaka 1969, tayari ni ya Delmer: "Delmer analalamika weupe. Nimemwambia alime zaidi." Miaka tisa namwambia alime zaidi.

Jumatano, 6 Septemba

Tumeanza kuvuna pande zote. Vumbi, kazi, usingizi.

Jumatatu, 18 Septemba

Lori la Delmer lilizama, limejaa ngano, kwenye lile tope la chumvi. Nililiona kutoka kilimani, nikashuka na trekta kubwa bila kuitwa. Alikuwa amesimama kando ya tairi, tope mpaka mapajani. Tukafunga mnyororo. Nikavuta, likatoka.

Tulisimama pale kama dakika tano. Hakukuwa na mtu mwingine. Ngano ilikuwa inameremeta pande tatu na upande wa nne ni weupe mtupu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga tangu Agosti. Akaniangalia kama anayengoja. Nikamwambia mnyororo wake umeanza kuliwa na kutu. Akasema, "Asante, Baba," akaingia kwenye lori.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno jingine.

Ijumaa, 22 Septemba

Mgodi umemkubali Delmer. Nimeambiwa na mwenye posta.

Jumatano, 4 Oktoba

Barafu ya kwanza kwenye ndoo. Halyna amekuja kuaga, anarudi ofisini kuchora ramani majira yote ya baridi. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyomtupia. Akasema hayo ni mepesi, kuna mzee mmoja alimfungulia mbwa.

Akatandaza ramani yake ya penseli kwenye meza ya jikoni. Nchi yetu yote, kila bonde na mgongo, imegawanywa kwa mistari na herufi. Kilima changu: kahawia iliyokoza, tifutifu, mteremko mdogo, daraja la pili. Ni sifa nzuri, madaraja ni saba na la kwanza huku kwetu halipo. Kisha kidole chake kikashuka.

"Robo ya chini, upande huu. Chumvi. Daraja la sita."

"La sita ni nini?"

"Malisho tu. Si ya kulima."

"Na hii itachapishwa?"

"Itachapishwa. Atakayetaka kununua ataiangalia. Benki nao wataiangalia."

Nikaitazama ile ramani kwa muda. Daraja la pili, na chini yake la sita, na katikati mstari wa penseli. Yeyote atakayeiona miaka hamsini ijayo atasema hapa juu alikaa mkulima mzuri na hapa chini alikaa mvivu.

"Andika sababu," nikamwambia. "Andika hapo kwamba maji yametoka juu."

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini? Kalamu unayo."

"Ramani inasema udongo ukoje. Haina alama ya nani aliufanya hivyo." Akaikunja taratibu. "Hilo inabidi mtu aliseme kwa mdomo."

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekwenda ushirika. Wazee walikuwepo wote. Sikukaa.

"Mwezi wa Mei nilisema hapa kwamba mwanangu ana chumvi kwa sababu ni mvivu," nikasema. "Ni uongo. Chumvi ile imetoka kwangu. Nimepima majira yote ya joto. Shamba langu la mapumziko haliinywi mvua, linaimwaga kwa chini, na inatokea kwa Delmer. Mwakani kilima chote napanda alfalfa, mizizi yake inafika mbali, iyanywe hayo maji. Sipumzishi shamba tena."

Mtu akakoroga kahawa ambayo ilishakorogwa.

"Amekulisha nini yule binti?" akauliza Wendelin. "Ngao umeipokea Julai, Oktoba unapanda majani ya ng'ombe?"

"Kilima chako wewe kinaishia wapi, Wendelin?"

Kinaishia kwa shemeji yake, ambaye hawasemezani naye mwaka wa tatu huu kwa sababu ya kona iliyoota weupe. Kila mtu pale mezani anajua. Nikaona kila mmoja anatazama kikombe chake na kuhesabu kimoyomoyo kilima chake kinaishia wapi. Wendelin akavaa kofia.

"Baba zetu walikuwa wajinga, siyo?" akasema, akapita kando yangu bila kuniaga. Wengine wawili wakamfuata. Nafikiri nimepoteza meza ile.

Jumamosi, 7 Oktoba

Delmer amekuja. Saa nne asubuhi, kwa miguu, akikata kilima katikati. Alikuwa ameshasikia, hapa habari hazikawii. Tulikaa jikoni. Nilitaka kuanza, nikamuuliza kama anataka kahawa. Akasema ndiyo. Nikamimina. Sijawahi kumwomba mtoto wangu radhi kwa jambo lolote.

"Nisamehe, Delmer. Kwa ardhi, na kwa maneno. Kwa maneno zaidi."

Alikaa akikizungusha kikombe.

"Halyna alinieleza Juni, Baba. Ile wiki ya mvua."

"Ulijua tangu Juni?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema natafuta kisingizio. Ungeenda kulisema hilo nalo ushirika." Ni kweli, ningeenda. "Halyna akasema mwache apime mwenyewe, anaamini mkono wake tu. Basi kila Jumamosi nilikuwa nakuona unashuka na utepe wako, namwambia Ardis, leo ataona. Leo atakuja."

"Kilima chote ni alfalfa mwakani," nikasema. "Mbegu nimeagiza jana. Maji yatashuka. Halyna anasema miaka sita, saba, chumvi itaoshwa na mvua irudi chini. Ungebaki, Delmer. Ulime changu, mimi nimezeeka. Tulime pamoja."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilishakusamehe, Baba. Si hilo. Siku ile uliponivuta kwenye tope, nilikutazama usoni nikajua umeshajua. Barua ya mgodi ilikuwa mfukoni mwangu, sijaitia sahihi. Nikasema akitamka neno moja tu, naichana hapa hapa." Akanywa kahawa yake yote. "Ukaniambia mnyororo una kutu. Jioni ile niliisaini. Ardis ameshapata nyumba, tarehe kumi na sita naanza."

Akasimama, akanishika bega kwa muda, kisha akaosha kikombe chake kama alivyofundishwa na marehemu mama yake. Nimemwambia Jumamosi ijayo nitakwenda na lori kuwasaidia kubeba vitanda. Akasema nije saa mbili, kabla ya upepo.